Peni ya Kila Wiki: Uwakili wa Fedha katika Umethodisti wa Awali, Bristol 1742

Uwakili wa Kikristo wa mali huelezwa mara nyingi kupitia mafundisho. Insha hii inauanzia kwenye deni. Jengo la New Room mjini Bristol, Uingereza, lililoanza kujengwa mwaka 1739, liliwaachia Wamethodisti mzigo wa madeni. Tarehe 15 Februari 1742, waumini walipokutana kutafuta namna ya kuyalipa, Kapteni Foy alipendekeza kila mmoja atoe peni moja kwa wiki. Ilipohojiwa kwamba wengi wao ni mafukara, alijitolea kukabidhiwa maskini kumi na mmoja, awaendee kila wiki, na asiye na kitu amlipie yeye mwenyewe.

Matokeo yalizidi kusudio. Wakusanyaji walipoingia majumbani walikuta ulevi na ugomvi wa mume na mke. John Wesley alitambua hapo njia ya malezi ya kiroho, na makundi hayo yakawa msingi wa madarasa ya Kimethodisti.

Katika mahubiri kuhusu matumizi ya fedha, yaliyochapishwa mwaka 1760, Wesley aliagiza mambo matatu: kuchuma, kuweka akiba na kutoa. Hata hivyo, miaka michache kabla ya kifo chake mwaka 1791, alilalamika kwamba wafuasi wake waliotajirika walishika mawili ya kwanza wakaliacha la tatu. Mahubiri pekee, basi, hayakutosha. Nguvu ya peni ya Bristol ilikuwa katika uhusiano: mkusanyaji alimjua mtoaji, na alikuwa tayari kumlipia.