Shauri la Kimkakati

Shauri la kimkakati hufunguliwa mahakamani kwa niaba ya mtu mmoja au wachache, huku likikusudiwa tangu mwanzo kubadili sheria kwa wote walio katika hali yao. Tusilichanganye na shauri la maslahi ya umma. Ibara ya 22 ya Katiba ya Kenya, kwa mfano, humruhusu mtu kudai haki mahakamani kwa maslahi ya umma. Hapo jambo ni nani anaweza kushtaki. Wengine husema kesi ya mfano, lakini jina hilo hutazama hukumu peke yake. Neno mkakati hubeba kazi inayotangulia hukumu: kuchagua mahakama, wakati na wadai.

Kazi hiyo inaonekana vizuri katika historia ya ndoa za jinsia moja Marekani. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Hawaii iliitaka serikali itoe sababu nzito ya kuwanyima wapenzi wa jinsia moja kibali cha ndoa. Mwaka 1998 wapiga kura wakabadili katiba ya jimbo, na ushindi ukafutika. Wakili Mary Bonauto wa shirika la GLAD, Boston, alipofungua shauri Massachusetts mwaka 2001, aliegemea katiba ya jimbo, ambayo mahakama za jimbo ndizo zenye kauli ya mwisho kuifasiri. Tena katiba hiyo hairekebishwi upesi: pendekezo hupita kwanza katika vipindi viwili vya bunge vinavyofuatana, ndipo wananchi wakapiga kura.

Wadai walikuwa jozi 7. Mmoja wao alitatizika kuruhusiwa hospitalini kumwona mwenzake aliyejifungua na mtoto wao mchanga. Novemba 2003 majaji 4 dhidi ya 3 waliwapa haki, na ndoa zikaanza kufungwa Mei 2004. Mwaka 2015 Bonauto alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo ikaieneza haki hiyo nchi nzima.

Basi fasili yetu isimsahau mdai. Mkakati ni wa shirika, lakini dhiki ni yake, na ndiyo jaji anayoipima. Shirika linaloitazama sheria likampuuza aliyeumizwa nayo halina shauri la kupeleka mahakamani.