Singeli: kazi ya prodyuza

Singeli ni muziki wa kielektroniki wa Dar es Salaam. Mdundo wake ni wa kasi kubwa, kwa kawaida kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, na juu yake MC huchana au huimba kwa Kiswahili cha mtaani. Ulianza kujipambanua katikati ya miaka ya 2000 katika maeneo ya uswahilini kama Manzese, Tandale na Mburahati. Wanaoandika kuhusu muziki huu huanza na MC, kwa kuwa ndiye anayeonekana na ndiye anayetajwa redioni. Hapa anatangulia prodyuza, maana singeli hutengenezwa kwenye kompyuta kabla haijaimbwa, na kwa sehemu kubwa ilizaliwa kwa kuufanyia kazi upya muziki uliokwisha kurekodiwa.

Chimbuko

Kabla ya singeli palikuwa na mchiriku: ngoma za Wazaramo zilizoongezewa kinanda kidogo cha Casio na kupigwa kupitia spika zinazokwaruza. Kundi la mchiriku lililosikika mbali zaidi ni Jagwa Music, ambalo albamu yake *Bongo Hotheads* ilitoka mwaka 2012. Singeli imerithi huko sauti nyembamba ya kinanda, ubishi wa ngoma, na mwimbaji anayesema moja kwa moja na watu waliomzunguka.

Malighafi nyingine ilitoka kwenye taarab ya kisasa. Katika sherehe za mitaani, zikiwemo zile za usiku kucha zinazoitwa vigodoro, DJ alikuwa akipiga taarab na kuona kwamba watu huinuka zaidi pale mwimbaji anaponyamaza na kinanda, gitaa na ngoma vikabaki peke yake. Kipande hicho huwa kifupi. DJ akakirudia, kisha akakirudia tena, akakiongezea spidi, na mtu mwenye maneno akashika maiki. Kwa hiyo katika singeli rimiksi haikuja baada ya wimbo. Rimiksi ndiyo iliyotangulia, na wimbo ukajengwa juu yake. Jambo hili linaeleza mengi katika muundo wa muziki wenyewe, hasa kwa nini biti nyingi hazina beti na kiitikio vilivyopangwa: zilitengenezwa ziendelee kwa muda wowote MC atakaotaka kuzungumza.

Studio

Studio ya singeli kwa kawaida ni chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, chenye kompyuta, spika mbili, maiki na godoro au sponji ukutani kuzuia mwangwi. Programu zinazotumika sana ni FL Studio kwa kupanga midundo na Virtual DJ kwa kukata na kurudia vipande. Iliyojulikana kuliko zote ni Sisso Studios ya Mburahati, ambako Sisso, Jay Mitta na Bamba Pana walitengeneza biti kwa ajili ya MC wa mitaa ya jirani. Duke naye alijenga kituo chake, Pamoja Records. Hawakusubiri kampuni ya muziki iwaajiri. Mwenye studio ndiye fundi wa sauti, ndiye mpiga kinanda, ndiye mkusanyaji wa fedha, na mara nyingi ndiye DJ wa Jumamosi.

Kuongeza spidi

Ufundi mkubwa wa singeli umo katika kuongeza spidi, na watu wengi hudhani ni suala la kusogeza kitufe tu. Sauti iliyorekodiwa ikipigwa haraka zaidi hupanda juu pia: ikikimbizwa mara mbili hupanda oktava nzima, na ikikimbizwa mara moja na nusu hupanda takriban nusutoni saba. Programu za leo zinaweza kuongeza kasi bila kupandisha sauti, kwa kuikatakata katika vipande vidogo sana na kuvipanga upya. Prodyuza wa singeli mara nyingi huacha sauti ipande. Kinanda cha taarab huwa kama filimbi, gitaa huwa kama kinubi cha waya, na kipande cha sauti ya mtu huwa cha mtoto. Mng'ao huo wa juu ndio unaomwezesha msikilizaji kuitambua singeli kabla hajahesabu mapigo.

Kuna gharama yake. Tuseme kipande kimeongezwa kasi kwa asilimia 40. Kitapanda karibu nusutoni sita, lakini hakifiki. Kitabaki chini kidogo ya noti halisi. Prodyuza akiweka kinanda chake juu ya kipande hicho, vitagombana, na wasiojua sababu watasema tu kwamba biti haijakaa. Akisogeza kasi hadi asilimia 41.4, kipande kinatua juu ya noti na ugomvi unaisha. Wengi hufanya hivi kwa sikio, wakisogeza kidogo kidogo mpaka kinanda na kipande vipatane. Ni usikivu wa hali ya juu, na haustahili kuitwa bahati.

Kwenye ngoma hali ni tofauti, kwa sababu hapo tatizo ni nafasi. Kwa mapigo 300 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.2. Likigawanywa mara nne, kila tone la ngoma hupata milisekunde 50, yaani matone 20 katika sekunde moja. Hapo ndipo sikio la binadamu linapoanza kushindwa kutenganisha mapigo na kuyasikia kama mngurumo mmoja. Besi yenye mkia mrefu haiwezi kukaa hapo. Itafunika tone linalofuata na biti yote itakuwa tope. Ndiyo maana ngoma za singeli hukatwa fupi na kavu, besi hupunguzwa urefu, na mwangwi hutumiwa kwa nadra. Wachezaji nao mara nyingi hufuata nusu ya kasi, hivyo biti ya 250 huchezwa kama ya 125, huku mabega na kiuno vikijibu matone ya katikati.

Mbele ya watu

Katika sherehe, prodyuza hageuki mtazamaji. Vipande huwekwa kwenye vitufe vya laptopu, kila herufi na sauti yake, na vidole hugonga kibodi kwa kasi ya mtu anayechapa barua ya haraka: ngoma inatolewa, kipande cha kinanda kinarudishwa mara nane, king'ora kinapita, ngoma inaingia tena. Sisso na mwenzake Maiko wameupeleka upigaji huo majukwaani, na albamu yao *Singeli Ya Maajabu* ya mwaka 2024 imebeba nguvu yake.

Kusambaa

Kwa miaka mingi singeli ilisafiri kwa CD, flashi, kadi za kumbukumbu za simu na bluetooth, na kwa spika za bodaboda na daladala. Kufikia mwaka 2016 ilikuwa imeingia redioni na kwenye televisheni; wimbo *Hainaga Ushemeji* wa Man Fongo ulisikika nchi nzima. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko *Sounds of Sisso*, kisha albamu za maprodyuza wenyewe: *Poaa* ya Bamba Pana mwaka 2018, na mwaka 2019 *Mateso* ya Sisso, *Tatizo Pesa* ya Jay Mitta na *Uingizaji Hewa* ya Duke. DJ Travella, kijana wa kizazi kilichofuata, alitoa *Mr Mixondo* mwaka 2022. Katika albamu hizi jina la prodyuza liko juu ya jalada, jambo ambalo soko la nyumbani halijalizoea.

Haki

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake igeuzwe au ipangwe upya. Kipande cha taarab kilichokatwa na kukimbizwa kimo ndani ya haki hiyo, hata kama masikio hayakitambui tena. Prodyuza anayetaka wimbo wake usajiliwe katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) anahitaji ama kibali ama kipande alichokitunga na kukipiga mwenyewe. Njia ya pili imekuwa ikishika kasi: mtu hupiga kinanda chake taratibu, akakirekodi, kisha akakikata na kukikimbiza kama alivyokuwa akifanya kwa kazi ya wengine. Sauti inabaki ileile ya singeli, na mwenye biti anakuwa mmiliki wa kila tone lililomo.

Upande wa pili wa haki uko kati ya prodyuza na MC. Biti nyingi huuzwa kwa malipo ya mara moja, kwa mdomo, na wimbo ukivuma prodyuza hana pa kusimamia. Wengine huweka jina lao likitamkwa mwanzoni mwa biti ili liende nayo kwenye kila simu inakofika. Ulinzi ulio imara zaidi ni faili la mradi ambalo ngoma, besi na kinanda bado vimetengana, likiwa limehifadhiwa nje ya kompyuta ya studio, pamoja na karatasi ya mgawanyo iliyosainiwa kabla wimbo haujatoka.