Boti ya alumini: inunuliwe au iachwe?

Wiki chache zilizopita msikilizaji wetu mmoja wa Ukerewe alitupigia simu wakati wa kipindi cha asubuhi. Mtumbwi wake wa mbao umechoka na unavuja. Kuna mtu jijini Mwanza anayetaka kumuuzia boti ya alumini iliyokwisha kutumika. Ili aipate, baba huyu atalazimika kuuza ng'ombe wanne na kukopa kiasi kilichobaki kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa. Swali lake lilikuwa fupi: "Hiyo boti ni mali, au ni sufuria kubwa tu?"

Tulicheka studioni, naye akacheka. Lakini ng'ombe wanne si jambo la kucheka, na kwenye simu hatukuwa na muda wa kulijibu vizuri. Tuliahidi kuandika. Makala haya ni kwa ajili yake, na kwa yeyote wa Sengerema, Buchosa, Magu, Ilemela, Musoma au Bunda anayewaza jambo hilohilo.

Alumini ni chuma cha aina gani?

Baba wa Ukerewe hakukosea sana. Alumini ndiyo madini yanayotengenezewa sufuria zetu nyingi. Uzito wake ni karibu theluthi moja ya uzito wa chuma cha kawaida, na haishiki kutu nyekundu. Hewa inapoigusa, hujitengenezea utando mwembamba unaoilinda. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo boti ya alumini hudumu zaidi hapa kuliko ingedumu baharini.

Hata hivyo, alumini ya boti si ile ya sufuria. Boti nzuri huundwa kwa alumini iliyochanganywa kwa ajili ya majini, na hutambuliwa kwa namba kama 5052 au 5083. Muuzaji anayeijua boti yake ataweza kukutajia namba hiyo au kukuonyesha karatasi yake.

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni boti nyepesi ya bati jembamba, la milimita moja na nusu hadi mbili hivi, iliyounganishwa kwa riveti, yaani vile vijisumari vinavyogongwa pande zote mbili. Boti hizi ni za kawaida sana Marekani na Kanada. Watu wawili au watatu huenda nazo kwenye ghuba au ziwa dogo kuvua kwa ndoano, kisha wanazirudisha nyumbani kwa trela. Ya pili ni boti ya kazi, yenye bati la milimita nne au zaidi na maungio yaliyochomelewa. Hiyo ni nzito, ghali, na inastahimili shida.

Boti nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ni za aina ya kwanza. Hapo ndipo pa kuanza kufikiri.

Ziwa letu si bwawa

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Ndani ya Ghuba ya Mwanza au Ghuba ya Speke, karibu na nchi kavu, maji yanaweza kutulia kama uji uliopoa. Ukivuka visiwa na kuingia maji makuu, mambo hubadilika. Dhoruba nyingi za ziwa hili hutokea usiku hadi alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao.

Boti nyepesi ya bati jembamba husukumwa sana na upepo, hasa ikiwa tupu. Mawimbi mafupi ya ziwa letu huigonga kwa nguvu, na kila kishindo kinakwenda kwenye riveti. Baada ya misimu kadhaa riveti hulegea na maji huanza kuingia.

Halafu kuna pwani yetu yenyewe. Mwanza inaitwa jiji la miamba, na miamba hiyo haiishii mjini. Mitumbwi yetu huburutwa juu ya mchanga na mawe kila siku. Mbao ikikwaruzwa, fundi anaziba kwa pamba na kazi inaendelea. Bati jembamba likiburutwa kila siku, huliwa kidogokidogo hadi linatoboka.

Fikiria pia mzigo. Mvuvi wa sangara anabeba nyavu za makila, barafu, mafuta, watu watatu au wanne, kisha samaki. Boti iliyoundwa kwa watu wawili wenye fimbo za kuvulia haikukusudiwa kubeba hayo yote. Boti nyingi za kiwandani zina kibati kidogo karibu na nyuma, chenye kuonyesha idadi ya watu, uzito wa mwisho na nguvu ya injini inayoruhusiwa. Kisome. Kikiwa kimeng'olewa, uliza kwa nini.

Nani ataitengeneza?

Kama utasoma sehemu moja tu ya makala haya, soma hii.

Mtumbwi wa mbao una fundi karibu kila mwalo. Boti ya faiba ina mafundi wachache zaidi, lakini kazi yake inafundishika: unahitaji resini, mkeka wa faiba, mikono safi na siku ya jua. Alumini ni jambo jingine. Mashine ya kuchomelea milango na madirisha iliyoko pale senta haifai kwa bati jembamba la alumini. Inahitajika mashine maalumu yenye gesi ya agoni, na fundi aliyefunzwa. Fundi asiyejua atatoboa tundu kubwa kuliko lile ulilompelekea.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya boti, uliza: fundi wa alumini aliye karibu nami yuko wapi, na kuipeleka boti kwake kunagharimu kiasi gani? Nenda ukamwone. Mwombe akuonyeshe kazi aliyowahi kufanya.

Tufanye hesabu pamoja. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako mwenyewe.

Tuseme boti ya alumini inauzwa shilingi 12,000,000 na itadumu miaka 15. Hiyo ni shilingi 800,000 kwa mwaka. Ongeza matengenezo ya 400,000, unapata 1,200,000 kwa mwaka.

Tuseme mtumbwi wa mbao unauzwa shilingi 3,000,000 na utadumu miaka mitano. Hiyo ni 600,000 kwa mwaka. Ongeza matengenezo ya 500,000, unapata 1,100,000.

Mpaka hapo vinakaribiana. Sasa ongeza siku za kukaa nchi kavu. Kama usiku mmoja wa kuvua unakuachia shilingi 40,000, na mtumbwi wako husimama siku tatu kwa mwaka ukizibwa, unapoteza 120,000. Boti ya alumini ikisubiri fundi na usafiri kwa siku 30, unapoteza 1,200,000. Gharama yake ya mwaka imekuwa 2,400,000, mara mbili ya ulivyodhani. Na kama umekopa, marejesho hayasubiri fundi.

Lakini aliye Ilemela au Nyamagana, fundi akiwa umbali wa mwendo wa bodaboda, anaweza kupunguza siku hizo 30 hadi mbili. Kwake hesabu inageuka na alumini inaweza kuwa na faida. Boti ileile inaweza kumfaa mtu wa mjini na kumfilisi mtu wa kisiwani.

Ukiamua kuikagua, fanya hivi

Nenda mchana, na uende na mtu anayejua vyombo. Usikague boti ikiwa majini pekee, iombe iwe nchi kavu.

Moja, mimina maji ndani. Boti ikiwa imeegemezwa sawasawa chini, jaza maji kina cha kiganja hivi, kisha chungulia kwa chini. Matone yatakuonyesha kila riveti iliyolegea na kila ufa. Rangi mpya iliyopakwa chini tu ni sababu ya kuangalia zaidi.

Mbili, tazama ubao wa nyuma unaobeba injini. Mara nyingi ndani yake kuna mbao iliyofunikwa na bati. Bonyeza kwa nguvu, gonga kwa mpini wa kisu. Sauti ya kitu kilichooza utaijua. Injini ya nguvu farasi 15 ikifungwa juu ya ubao mbovu, siku moja itaondoka nao.

Tatu, tafuta vishimo vyenye unga mweupe. Hiyo ni dalili kwamba alumini inaliwa. Hutokea hasa pale inapogusana na shaba au chuma kingine kwenye unyevu, au maji ya betri yanapomwagika. Risasi za nyavu, sarafu na vipande vya waya vilivyosahaulika chini ya boti hufanya kazi hiyo kimyakimya. Mvuvi wa dagaa anayebeba betri za taa aziweke kwenye sanduku la plastiki.

Nne, uliza kuhusu maboya ya ndani. Mbao huelea, alumini huzama. Alumini ni nzito kuliko maji karibu mara tatu, kwa hiyo boti yake ikijaa maji huenda chini, isipokuwa ina vyumba vyenye povu gumu au hewa iliyofungwa. Mara nyingi povu hilo liko chini ya viti. Kama limetolewa, au limenyonya maji, usinunue mpaka lirudishwe. Watu wengi wamepona ziwani kwa kushikilia mtumbwi uliopinduka. Hakikisha na chombo chako kipya kitakuwa na cha kushikiliwa.

Tano, pima urefu wa nyuma na mguu wa injini. Injini za boti huja na mguu mfupi wa sentimita 38 hivi au mrefu wa sentimita 51 hivi. Visipoendana, panga itazunguka hewani au boti itaburuta.

Sita, nenda nayo majini na mzigo halisi. Mkae idadi ile mtakayokuwa kazini. Kama muuzaji hataki, ameshakujibu.

Karatasi kabla ya pesa

Uizaji wa injini na vyombo umewaumiza wengi ziwani. Andika namba ya injini na namba ya chombo, kisha uliza kwenye kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, cha mwalo inakotoka, na kituo cha polisi. Mwandikiane hati ya mauzo mbele ya mashahidi na viongozi wa mtaa au kijiji.

Chombo kinatakiwa kisajiliwe na kikaguliwe usalama wake. Kazi hiyo iko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Leseni za uvuvi utaelekezwa na Afisa Uvuvi wa halmashauri yako. Mwulize pia kuhusu nyavu unazokusudia kutumia, maana boti nzuri haihalalishi kokoro wala sangara wa chini ya sentimita 50. Majaketi okozi yawe mengi kama watu walio ndani, na yavaliwe.

Njia nyingine za kufikiria

Kabla ya kuuza ng'ombe, linganisha na faiba. Haiozi kama mbao, na tundu lake linazibika kwa vifaa vinavyobebeka. Mwezi Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua utoaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba, kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania. Muulize Afisa Uvuvi wako kama kuna nafasi nyingine na masharti yake ni yapi. Vilevile, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi yake Nyegezi, na wataalamu wa pale wanaweza kukushauri kuhusu chombo kabla hujalipa.

Njia nyingine ni kukarabati ulichonacho. Mbao mpya mbili tatu, pamba mpya na rangi vinaweza kukupa miaka miwili ya kujipanga.

Tulimjibu nini baba wa Ukerewe?

Tulimpigia tena. Tulimwuliza maswali matatu: bati lina unene gani, povu la chini ya viti lipo, na fundi wa alumini yuko wapi. La kwanza hakulijua. La pili alisema viti vimeng'olewa ili kupata nafasi ya nyavu. La tatu alicheka tena: fundi yuko Mwanza, ng'ambo ya maji, na boti inayovuja haivuki.

Ushauri wetu kwake ulikuwa huu: kwa boti hiyo, kwa bei hiyo, na kwa pale unapoishi, iache. Azibe mtumbwi wake msimu huu, na ng'ombe wabaki zizini. Kama angekuwa anaishi Kirumba, boti ni ya bati nene, viti vipo na povu ni kavu, tungemwambia aende akajaribu majini, na apunguziwe bei.

Kama nawe una chombo unachotaka kununua, kitembelee na maswali hayo matatu kwanza. Majibu yakikupa mashaka, tupigie wakati wa kipindi, tutalizungumza hewani pamoja na mafundi.