Awamu na Kelele Yake

Mpima ardhi anaposimamisha antena yake ya miguu mitatu juu ya bikoni ya shamba la pamba huko Mwandoya, wilayani Meatu, akangoja ishara za satelaiti zishukazo kwa masafa ya megahezi 1575.42, hatafuti nguvu ya wimbi bali awamu yake, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake wakati linapopokelewa. Na madhali urefu wa wimbi hilo ni takriban sentimita 19, mwenye kuijua awamu kwa yakini, pamoja na hesabu ya mizunguko mizima iliyotangulia, aweza kuupata umbali kwa usahihi wa milimita. Mafundi umeme husema "fezi", nami siwalaumu, ila naipendelea awamu, kwa kuwa Mswahili ameshazoea kuita hivyo sehemu ya jambo liendalo kwa zamu.

Kelele nayo hapa si sauti, bali ni mtikisiko usio na mpango, utokanao aghalabu na joto la kipokezi chenyewe, ukajichanganya na ishara. Tuichukulie ishara kuwa ni akrabu ndefu ya saa, na kelele kijiti kifupi kilichoungwa nchani mwake, kigeukacho huku na huku na kuipotosha pembe. Nguvu ya ishara ikiwa mara 100 ya nguvu ya kelele, pembe hutikisika kwa digrii 4 hivi, ambazo kwa wimbi letu ni milimita 2 tu. Walakin ishara ikififia hata ikalingana na kelele, akrabu huelekea popote, kipokezi kikapoteza hesabu ya mizunguko, na kila mzunguko uliopotea ni kosa la sentimita 19.

Mtikisiko huo hutibiwa kwa subira, kwani wastani wa vipimo 100 visivyotegemeana hulishusha kosa hadi sehemu ya kumi. Wimbi lililogonga paa la bati kisha likaifikia antena halitibiki hivyo: huivuta awamu upande mmoja kwa dakika nyingi, na laweza kukipotosha kipimo hata kukaribia sentimita 5, ilhali mpima aona tarakimu zimetulia akadhani kazi imekwisha.

Basi nawasihi wapimaji wetu waiweke antena mbali na mabati na matawi ya mibuyu, nao wenye mashamba wasiwaharakishe kuing'oa.