Imeji Moja, Kompyuta Nyingi: Kutoka Ghost hadi Karatu

Imeji ya diski ni nakala kamili ya kompyuta iliyokwisha kuandaliwa: mfumo endeshi, draiva, programu za ofisi, kinga ya virusi na mipangilio yake, vyote ndani ya faili moja. Fundi huandaa mashine moja kwa uangalifu, kisha nyingine zote hupewa nakala yake. Kabla ya imeji, kupiga Windows kulikuwa kazi ya mashine moja moja, na ofisi yenye kompyuta hamsini iliweza kummalizia fundi wiki nzima.

Arusha, kaskazini mwa Tanzania, haikuwa na haja ya imeji mapema. Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, zuio lililokuja kulegezwa polepole. Miaka ya 1990 ndipo mji ulipopata ofisi kubwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994, iliwekwa katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC), yaliyojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika 1977. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini mjini humo tarehe 30 Novemba 1999. Ofisi za namna hii, zenye mashine nyingi za kazi ileile, ndizo zinazofaa imeji, sawa na maabara za vyuo.

Chombo chenyewe kilitoka New Zealand. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Binary Research ya Auckland ilitengeneza programu ya Ghost, na mwaka 1998 Symantec ya Marekani ikainunua kampuni hiyo. Ghost iliweza kurusha imeji kwa mashine nyingi za mtandao wa ndani kwa wakati mmoja. Kasoro ilikuwa kwamba kila Windows NT hubeba namba yake ya utambulisho, na nakala zote zilitoka na namba ileile. Microsoft ikatoa programu ya Sysprep, inayofuta namba hiyo ili kila mashine ijipatie yake inapowashwa mara ya kwanza.

Kwa nchi tajiri faida kubwa ilikuwa muda wa fundi. Kwa Tanzania ilikuwa intaneti. Hadi mkongo wa mawasiliano wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, nchi ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Kifurushi cha Service Pack 2 cha Windows XP, kilichotolewa 2004, kilizidi megabaiti 250; maabara ya mashine 40 ingevuta zaidi ya gigabaiti 10. Kwa imeji kilivutwa mara moja tu.

Kompyuta za mtumba na za msaada ndizo zilizoharibu hesabu hii. Imeji ya Windows XP iliyotengenezwa kwenye modeli moja mara nyingi iligoma kuwaka kwenye modeli nyingine, na fundi akajikuta na imeji tano badala ya moja. Windows Vista ya 2007 ilipunguza adha hiyo, na programu ya Clonezilla kutoka Taiwan ikatoa njia ya bure ya kunakili imeji. Hata hivyo imeji haichagui cha kunakili: kirusi kilichojificha kwenye mashine ya kwanza hufika kwenye zote.

Mfano ulio wazi zaidi mkoani Arusha uko wilayani Karatu, ambako shirika la Powering Potential limefunga katika shule za sekondari kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua, pamoja na maktaba ya RACHEL isiyohitaji intaneti. Raspberry Pi huwaka kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, hivyo kadi ikiharibika, nyingine hunakiliwa imeji ileile na mashine hurudi kazini.

Tangu 2017 Microsoft ina Autopilot, ambayo huiacha Windows ya kiwandani ilivyo na kuipangia mashine programu zake kupitia intaneti. Njia hiyo hudai leseni za kulipia na mtandao usiokatika. Imeji iliyo kwenye diski ya nje haidai mtandao kabisa.