Futi 37,000: kosa la nani?

Kimya kimezidi, ila mambo ya mazoezi ya kufundisha wenyewe mnayajua. Leo naleta historia, lakini si ya Mkutano wa Berlin wala Majimaji, hizo tumeshazichoka. Naleta historia ya angani, maana hapa Pemba ndege tunaziona kila siku zikipanda na kushuka Wawi, na mtu akishafika Unguja salama anasema alhamdulillahi, wala hajiulizi nani kamshikia njia.

Tarehe 29 Agosti 2018, Boeing 737 ya Ethiopian Airlines ilikuwa inatoka Johannesburg kwenda Addis Ababa. Wakati huohuo Boeing 767 ya shirika la Kitaliano la Neos ilikuwa inatoka Verona kuja Zanzibar, yaani kwetu hapa. Zikajikuta katika anga ya Kenya, zote mbili futi 37,000. Hazikugongana. Kilichookoa ni TCAS, chombo kilichomo ndani ya ndege ambacho "kinaongea" na chombo cha ndege nyingine na kumwambia rubani panda au shuka. Ile ya Ethiopian ikapanda hadi futi 38,000, wakapishana.

Sasa zilifikaje hapo? Sheria yenyewe si ngumu. Kwa kawaida wanaoelekea upande wa mashariki hupewa kimo cha namba witiri (futi 35,000, 37,000), na wa upande wa magharibi namba shufwa (36,000, 38,000). Kati ya kimo na kimo iwepo futi 1,000. Afrika ilianza kutumia nafasi hiyo kwenye anga ya juu Septemba 2008. Kabla ya hapo ilikuwa futi 2,000. Wakiwa kimo kimoja, mwongoza ndege mwenye rada huwa anawaachia kama maili 5 za baharini, kilomita 9 hivi. Asiye na rada anategemea rubani amwambie yuko wapi, anaandika, anapiga hesabu, na mara nyingi anaacha dakika 10 au 15 kati yao.

Kilomita 9 unaziona nyingi? Piga hesabu: ndege mbili zinakuja uso kwa uso, kila moja kilomita 800 kwa saa. Hizo 9 zinaisha ndani ya sekunde 20. Hata meseji hujamaliza kuandika.

Baada ya tukio lile, Nairobi na Addis wakaanza kutupiana mpira. Chama cha waongoza ndege wa Kenya kikanyooshea kidole upande wa Ethiopia, Ethiopia ikakanusha. Ila kuna jambo moja la kutazama: tangu tarehe 27 mwezi uleule waongoza ndege wa Ethiopia walikuwa kwenye mgomo wa kudai maslahi, na mamlaka ikawa inajaza nafasi zao kwa watu wengine, wakiwemo wastaafu.

Wenzangu wa historia mnakumbuka tunavyofundishwa: tofautisha chanzo cha karibu na chanzo cha msingi. Risasi ya Sarajevo haikuleta vita peke yake. Na angani ni hivyohivyo, ushahidi mkubwa ni Überlingen.

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji huo wa Ujerumani, Tupolev ya Urusi iligongana na ndege ya mizigo ya DHL. Wakafa watu 71, wengi wao watoto wa shule kutoka Ufa. Mwongoza ndege aliyekuwa Zurich aliiambia Tupolev ishuke, TCAS yake ikiiambia ipande. Ikamsikiliza mtu. Ile ya DHL ikakisikiliza chombo, ikashuka pia. Kosa la mtu mmoja, siyo? Haya, sasa sikia: alikuwa peke yake akihudumia meza mbili, mwenzake amekwenda kupumzika, mitambo ya rada iko kwenye matengenezo na simu kuu imezimwa. Mwaka 2004 baba mmoja aliyefiwa na mke na watoto wake wawili akaenda kumuua yule mwongoza ndege. Mwaka 2007 ndipo mahakama ya Uswisi ikawatia hatiani wanne wa kampuni iliyomwajiri, watatu kati yao mameneja. Hukumu ya kisu ilitangulia ile ya mahakama kwa miaka mitatu.

Kwetu je? Sisi tuna "chenji ya rada"! Miaka ya mwanzo ya 2000 Tanzania ilinunua rada ya BAE Systems kwa kama paundi milioni 28. Benki ya Dunia ikasema bei imezidi, na hata ndani ya serikali ya Uingereza waziri Clare Short akapinga. Desemba 2010 BAE ikakiri mahakamani kutotunza hesabu sawasawa, na mwaka 2012 ikailipa Tanzania paundi milioni 29.5, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Sisi walimu watarajiwa tunachekelea vitabu, sawa, lakini pesa ile awali ilitafutwa kwa ajili ya macho ya kuonea ndege. Ilibidi tungoje hadi Agosti 2017 ndipo TCAA isaini mkataba na Thales wa rada nne, za Dar, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe.

Ndiyo maana naona swali la "nani kakosea" tunaliuliza mapema mno. Binadamu atakosea tu, awe Addis, Zurich au Dar. La kuuliza kwanza ni siku ile alikuwa na nani pembeni, chombo gani mbele yake, na mshahara wake uliingia au la. Hayo yanaamuliwa ofisini, na watu ambao hawashiki hata kipaza sauti.

Kwa hiyo mkisikia siku moja waongoza ndege wanalalamika, msiseme "hao wanapenda pesa". Ndani ya ile Caravan ya Chake kwenda Unguja yumo mama yako.

Haya, nina semina saa mbili asubuhi. Alamsiki.