DUMUZI NA HARUFU YAKE

Leo tunaliacha shamba kidogo, tunaingia ndani ya nyumba, pale unapoweka chakula. Wewe uliyeko Nyamiaga, wilayani Ngara, huenda mahindi yako yako darini, na udaga wako umo katika gunia pembeni mwa chumba. Basi mdudu anayekula chakula hicho unalala naye nyumba moja. Utamjuaje kabla hajakumaliza?

Wazee wetu walitumia pua. Kunguni wakiwa wengi kitandani, utawajua kwa harufu yao hata taa haijawashwa. Mende nao wakijaa kabatini, ukifungua mlango tu unajua. Tena wako wale vijidudu vyekundu vya unga. Hao hutoa majimaji yenye harufu kali ya kujikinga na adui, na wakizidi, unga wenyewe huweza kugeuka rangi ukawa wa waridi. Mama akinusa unga wa namna hiyo, haupiki. Hiyo ni elimu, tusiidharau.

Lakini yuko mdudu mmoja aliyeishinda pua ya mkulima. Huyo ni dumuzi.

Asili ya dumuzi ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora waliona ajabu: mahindi waliyoyahifadhi kwenye magunzi yanageuka unga ndani ya ghala. Si fukusi waliyemzoea. Mwaka 1981 wataalamu wakathibitisha kwamba ni mdudu mgeni, na inaaminika aliingia na mahindi yaliyotoka ng'ambo. Wakulima wakamwita Scania, jina la lori. Na kweli alisafiri kama lori, kwa sababu alipanda magunia ya biashara. Kenya alionekana mwaka 1983, Burundi mwaka 1984, Rwanda mwaka 1993, Uganda mwaka 1997. Sasa tazama, ndugu wa Ngara: upande mmoja umepakana na Burundi, upande mwingine Rwanda. Mpaka haumzuii mdudu aliyejificha ndani ya gunia.

Hasara yake ilikuwaje? Huko Tabora wako wakulima waliopoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi yao kwa miezi 3 mpaka 6 ya kuhifadhi. Mihogo mikavu ilipojaribiwa, zaidi ya nusu ya uzito ilikwisha kwa miezi 4. Hebu fikiri: umelima, umepalilia, umevuna, umebeba kichwani, halafu unabaki na vumbi.

Sasa basi, siri yake ni nini? Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Uingereza waliichunguza harufu ya dumuzi. Waligundua kwamba dume akipata chakula kizuri, akatoboa na kutulia, hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Ni kama anapiga mbiu: "Njooni, chakula kiko hapa!" Madume huja, majike huja. Wewe uko chumba hicho hicho, husikii kitu.

Harufu hiyo ikatengenezwa maabara, ikatiwa ndani ya mitego. Hapo ikawezekana kujua kama dumuzi amefika mahali, hata wakulima hawajaona tundu. Mitego ikafundisha jambo jingine pia: dumuzi alinaswa hata porini, mbali na mahindi, maana anaweza kuishi katika miti mikavu. Lakini angalia, mtego huo hautundikwi ghalani. Ukifanya hivyo umewaalika wageni mwenyewe.

Huko kwao dumuzi yuko mdudu mwingine mdogo, mweusi, anayeifuata harufu ile ile. Yeye haji kula mahindi, anakuja kula mayai na watoto wa dumuzi. Alifunguliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Mahali pengine alisaidia kumpunguza dumuzi, ila hakummaliza. Kwa hiyo kazi bado ni yetu.

Tunajifunza nini? Pua yako ni nzuri, lakini inachelewa. Ghala likianza kunuka, karamu imekwisha kuwa kubwa. Tumia macho na mikono mapema. Kila wiki chota mahindi kidogo katikati ya gunia na chini yake, uyapepete kwenye ungo. Ukiona unga mwingi na matundu ya mviringo, mtafute mdudu. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi hana mkonga. Ni mweusi au kahawia, urefu kama milimita 4, kichwa kimeinamia chini, na nyuma amekatika kama gogo lililopigwa msumeno.

Kabla ya kuvuna, fagia ghala na uyachome masalio ya mwaka jana, kwa maana dume wa kwanza anaweza kuwa humo. Kausha mahindi vizuri, kisha yapukuchue, kwa sababu dumuzi hustawi zaidi mahindi yakiwa kwenye gunzi. Halafu changanya dawa ya vumbi inayofaa dumuzi. Dawa ya fukusi peke yake haimtoshi. Bwana shamba atakuonyesha iliyo halali, nawe fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Au tumia mifuko isiyopitisha hewa, uifunge barabara. Na mahindi yakishatiwa dawa, usiyanuse tena!

Ndugu mkulima, dume mmoja akitulia ghalani mwako ataita kundi. Muwahi kabla hajaita. Kwaheri, na akiba njema.